Jinsi ya Kulinganisha Idadi ya Wateja na Mauzo Ili Kujua Duka Linahitaji Nafasi Ngapi za Maegesho: Mwongozo Kamili

Hesabu ya maegesho ya duka huharibika kwa njia ileile kila mara. Mwenye duka huchukua mauzo ya mwezi, huyagawa kwa idadi ya siku, kisha hukisia magari kutokana na fedha. Matokeo yake ni uwanja mpana unaokaa mtupu siku sita za wiki, au foleni inayoziba lango siku ya saba.

Fedha haiegeshwi. Kinachojaza uwanja ni idadi ya magari pamoja na dakika ambazo kila gari linakaa hapo, na mauzo hayasemi lolote kuhusu mambo hayo mawili mpaka uyalinganishe na hesabu ya watu na magari iliyofanywa saa ileile. Duka la fanicha na duka la vyakula yanaweza kuingiza fedha sawa kwa siku moja, ilhali la kwanza limetoa risiti chache kwa watu waliozunguka kwa muda mrefu, na la pili limetoa mamia ya risiti kwa watu waliopita haraka.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za risiti za mwaka mzima, kila risiti ikiwa na tarehe na saa yake. Jumla ya siku peke yake haitoshi.
- Mhesabu mmoja kwa kila lango la magari, mmoja kwa kila mlango wa duka, na mmoja wa kuzunguka uwanjani. Kwa siku ndefu, weka watu wa kupokezana kila baada ya saa mbili, kwa maana jicho lililochoka huruka magari.
- Karatasi zenye safu za dakika 15, ubao wa kuandikia, na saa zilizowekwa sawa na mashine ya risiti.
- Mchoro wa uwanja wenye namba kwa kila nafasi, hata kama umechorwa kwa mkono.
- Kompyuta yenye programu ya majedwali.
- Ruhusa ya msimamizi, na walinzi waliojulishwa mapema.

## Hatua ya 1: Safisha risiti

Ondoa risiti ambazo hazikumleta mtu dukani: mauzo ya mtandaoni yanayosafirishwa hadi kwa mnunuzi, ankara za wateja wa jumla zinazolipwa mwisho wa mwezi, na risiti zilizofutwa na keshia. Usiondoe za kurudisha bidhaa. Aliyerudisha bidhaa alikuja, akaegesha na akasimama kwenye foleni kama wengine, ijapokuwa kwenye hesabu ya fedha anaonekana kuwa hasara.

Oda zilizolipiwa mtandaoni na kuchukuliwa dukani ziwekewe safu yake, kwa sababu gari la mtu huyo hukaa dakika chache tu.

Mteja mmoja anaweza kupata risiti mbili au tatu ikiwa duka lina kaunta za malipo zaidi ya moja ndani yake. Hilo lisikusumbue, mradi mpangilio huo haukubadilika mwaka mzima, kwa sababu uwiano wa magari kwa kila risiti tutakaoupata katika hatua ya 6 utakuwa umelibeba. Ukibadilika katikati ya mwaka, tumia miezi ya upande mmoja tu.

Tahadhari moja inawahusu hasa wanaosoma saa kwa Kiswahili. Mashine ya risiti huandika 16:30, na mhesabu aliye langoni huandika saa 10:30 kwa maana ya jioni ileile. Safu hizo mbili zikiunganishwa bila kusahihishwa, magari ya jioni hukutanishwa na risiti za asubuhi, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea kwenye jedwali. Agiza kila mtu aandike kwa mtindo wa mashine. (Katika mwongozo huu ninaendelea kutumia saa za Kiswahili kwa sababu tunazungumza, hatujazi jedwali.)

Hatua hii imekamilika pale ambapo una idadi ya risiti kwa kila dakika 15 za mwaka, na jumla yake inalingana na vitabu vya mhasibu baada ya kutoa zile ulizoziondoa.

## Hatua ya 2: Chagua siku za kuhesabu

Panga siku zote za mwaka kwa idadi ya risiti, kutoka ya juu hadi ya chini. Chagua siku moja ya katikati na siku moja iliyo miongoni mwa zenye shughuli nyingi za kawaida, kwa mfano Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usihesabu siku ya mauzo ya punguzo, siku ya mvua kubwa, wala siku ambayo barabara ya mbele inatengenezwa, kwa sababu tabia ya wateja siku hizo haifanani na ya mwaka.

Siku moja peke yake haitoshi. Siku mbili zinakuonyesha kama uwiano unabadilika shughuli zinapoongezeka, na mara nyingi hubadilika.

## Hatua ya 3: Hesabu watu mlangoni

Simama karibu na mlango kwa nusu saa uone mwenyewe kabla ya kuamini kifaa chochote. Baba anaingia na watoto watatu: watu wanne, risiti moja, gari moja. Wanafuata vijana wawili waliokuja kwa miguu, kila mmoja ananunua chake: watu wawili, risiti mbili, hakuna gari. Kisha mfanyakazi anatoka kukusanya toroli uwanjani na kurudi nazo, na kihesabio cha mwanga kilicho juu ya mlango kinamwandika kama mteja.

Vihesabio hivyo vinafaa, ila vina kasoro zinazojulikana. Baadhi huhesabu anayeingia na anayetoka, hivyo jumla lazima igawanywe kwa mbili. Watu wanaoingia bega kwa bega husomwa kama mmoja. Kwa hiyo weka mtu ahesabu kwa mkono sambamba na kifaa, nusu saa ya utulivu na nusu saa ya msongamano. Kifaa kikisoma 230 na mtu akapata 200, zidisha masomo yote ya kifaa kwa 0.87. Ikiwa kiwango cha kosa wakati wa msongamano kinatofautiana sana na kile cha wakati wa utulivu, acha kifaa na uhesabu kwa mkono.

Wakati huohuo, mtu mmoja awaulize wateja wanaotoka maswali matatu tu: umekuja kwa usafiri gani, mlikuwa wangapi, na je, umenunua? Ukiuliza watu 100, asilimia utakayopata inaweza kupishana na ukweli kwa takriban pointi 10 juu au chini. Ukiuliza 400, pengo hilo hupungua hadi takriban 5. Uliza kila mtu wa tano, ili mhojaji asije akachagua wenye sura za upole.

## Hatua ya 4: Hesabu magari na muda yanaokaa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wengi hukatisha njia.

Kabla ya duka kufunguliwa, hesabu magari yaliyokwisha kuwapo na uandike ni ya nani. Mengi yatakuwa ya wafanyakazi. Kisha, kila dakika 15, andika magari yaliyoingia na yaliyotoka kwa kila lango. Yaliyopo wakati wowote ni yale ya mwanzo, ukijumlisha yaliyoingia, ukitoa yaliyotoka.

Mzungukaji apite uwanjani kila nusu saa na kuhesabu magari yaliyosimama. Hesabu yake ikitofautiana na ya malango kwa zaidi ya magari mawili au matatu, kuna aliyeruka gari, na ni lazima msahihishe palepale, kwa sababu kosa la saa 3 asubuhi hubebwa hadi jioni bila kuonekana.

Mzungukaji aangalie pia watu wasio wateja. Utamwona mtu anashuka, anafunga gari lake, kisha anavuka barabara bila hata kuligeukia duka. Weka alama kwenye nafasi yake katika mchoro. Magari ya namna hiyo yakiwa mengi, tatizo lako ni la usimamizi wa lango kabla ya kuwa la ukubwa wa uwanja.

Kwa muda wa kukaa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuandika herufi na tarakimu tatu za mwisho za kila bamba la namba pamoja na dakika ya kuingia na ya kutoka. Namba nzima haihitajiki, na kuihifadhi ni kukusanya taarifa za watu bila sababu. Njia ya pili ni nyepesi na inatosha kwa maduka mengi: ondoa magari ya wafanyakazi, jumlisha magari yaliyokuwapo kila baada ya dakika 15 kwa siku nzima, zidisha kwa 15, kisha gawanya kwa idadi ya magari ya wateja yaliyoingia.

Tuchukue mfano utakaotufuata hadi mwisho. Jumla ya hesabu hizo za kila dakika 15 ni 1,540. Ukizidisha kwa 15 unapata dakika 23,100 za kuegesha. Magari yaliyoingia ni 660. Wastani wa kukaa ni dakika 35.

Sababu ya kuwaondoa wafanyakazi iko wazi ukiangalia namba hizo. Gari la mfanyakazi aliyekaa saa 8 linatumia dakika 480, sawa na wateja karibu 14. Magari 8 tu ya namna hiyo yangepandisha wastani hadi dakika 40, na kila hesabu inayofuata ingekuwa na kosa.

## Hatua ya 5: Rudisha saa za risiti nyuma

Risiti huchapwa mteja anapomaliza, wala si anapofika. Mteja aliyelipa saa 5:10 asubuhi huenda aliegesha saa 4:40. Kwa hiyo kilele cha risiti huja baada ya kilele cha magari yanayoingia, na anayelinganisha saa kwa saa bila kulisahihisha jambo hili hupata uwiano mdogo kupita kiasi wateja wanapopungua langoni, na mkubwa kupita kiasi wanapomiminika.

Nimeliona kosa hili kwa karibu. Duka moja nililolisaidia lilikuwa limepanga walinzi wa uwanja kwa kufuata saa ya mauzo makubwa, wakati lango lilikuwa linajaa nusu saa kabla yake. Walinzi walipofika, madereva walikuwa wamekwisha kupaki ovyo kwenye njia za kupitia.

Marekebisho yake ni mepesi. Chukua wastani wa kukaa, toa dakika ambazo mteja hutumia kutoka kaunta hadi kuondosha gari, kisha rudisha safu ya risiti nyuma kwa kiasi hicho. Kwa wastani wa dakika 35, ukitoa 5 za kupakia mizigo na kuondoka, unabaki na 30, yaani safu mbili za dakika 15. Magari yaliyoingia saa 4:00 hadi 5:00 yanalinganishwa na risiti za saa 4:30 hadi 5:30.

Chora mistari miwili, ya magari yanayoingia na ya risiti zilizorudishwa nyuma. Ikipanda na kushuka pamoja, umefaulu. Ikiwa bado imepishana, wastani wako wa kukaa una kosa. Rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Tafuta uwiano

Katika mfano wetu, saa yenye shughuli nyingi katika siku ya kwanza tuliyohesabu, ile ya katikati, ilikuwa na watu 240 walioingia, magari 96, na risiti 150. Hivyo kila risiti iliambatana na watu 1.6 na magari 0.64.

Namba ya mwisho ndiyo unayoitafuta. Imebeba ndani yake waliotembea kwa miguu, waliokuja na familia, walionunua mara mbili, na walioondoka mikono mitupu. Kwa sababu hiyo usikope uwiano wa duka lingine, hata kama linauza bidhaa zilezile: lililo kando ya kituo cha basi lina uwiano wake, na lililo nje ya mji lina wake.

Sasa pata idadi ya magari yanayokuwapo kwa wakati mmoja. Mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba, katika mfumo uliotulia, yaani wanaoingia na wanaotoka wanalingana, idadi ya waliomo ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda wa kukaa. Magari 96 kwa saa, yakizidishwa kwa dakika 35 na kugawanywa kwa 60, ni magari 56. Ongeza 8 ya wafanyakazi, unapata 64.

Linganisha na alichokiona mzungukaji. Ikiwa aliandika kati ya 61 na 67, hesabu yako imesimama. Ikiwa aliandika 80, usiilazimishe. Kuna kundi la magari ambalo hukulijua, na mara nyingi ni la wasio wateja.

## Hatua ya 7: Watafute walioshindwa kuingia

Mauzo hayawezi kukuonyesha mtu aliyegeuza gari langoni akaondoka. Hili ndilo pengo la hatari zaidi katika zoezi zima, kwa maana uwanja uliojaa huzuia mauzo, kisha mauzo hayohayo hutumiwa kuthibitisha kwamba uwanja unatosha.

Chunguza mambo matatu. Kwanza, tazama kama risiti hupanda hadi kiwango fulani kisha zikabaki palepale kwa saa mbili au tatu, huku uwanja ukiwa umejaa. Mstari uliokatwa kichwa namna hiyo ni dalili ya kizuizi. Thibitisha kwanza kwamba kizuizi si uchache wa makeshia. Pili, mhesabu wa lango aandike kila gari lililozunguka na kutoka bila kuegesha. Tatu, hesabu magari ya wateja yaliyoegeshwa barabarani. Yote hayo yajumlishwe kwenye magari ya saa hiyo kabla ya kukokotoa uwiano.

## Hatua ya 8: Chagua saa ya kupangia, kisha kokotoa nafasi

Ukijenga kwa wastani wa mwaka, uwanja utajaa kila wiki. Ukijenga kwa saa moja iliyo nzito kuliko zote, utalipia lami itakayotumika mara moja kwa mwaka. Kumbuka kwamba nafasi moja pamoja na sehemu yake ya njia huchukua takriban mita za mraba 25 hadi 30. Ukizipanga saa zote za mwaka kuanzia yenye shughuli nyingi zaidi, wahandisi wa barabara kwa muda mrefu wamepangia ile ya 30, na Urban Land Institute, taasisi ya Marekani ya matumizi ya ardhi, ilipendekeza saa ya 20 kwa vituo vya maduka. Mimi huanza na ya 20, kisha naangalia ya 10 na ya 30. Zikikaribiana, uamuzi ni rahisi.

Tuseme saa ya 20 ya duka letu ina risiti 195. Zidisha kwa 0.64, upate magari 125. Siku hizo foleni ya malipo ni ndefu, na hesabu ya siku ya pili, ile ya shughuli nyingi, ilionyesha wastani wa kukaa umepanda hadi dakika 40. Magari 125 kwa dakika 40 ni 83. Wafanyakazi wa ziada wamefikisha magari yao 10, hivyo jumla ni 93.

Usiishie hapo. Uwanja wenye nafasi 93 na magari 93 haufanyi kazi, kwa sababu dereva huzunguka akitafuta nafasi ya mwisho na kuwafungia wengine njia. Gawanya kwa 0.9 ili zibaki nafasi chache wazi: 93 kwa 0.9 ni 104. Nafasi za watu wenye ulemavu na za kupakulia mizigo zifuate sheria za mahali duka lilipo, nazo zisihesabiwe kama akiba ya wote.

## Hatua ya 9: Jaribu yasiyohitaji ujenzi kwanza

Duka letu lina nafasi 80, na hesabu inadai 104. Kabla ya kununua ardhi ya nafasi 24, rudia hesabu ukibadilisha kitu kimoja kimoja.

Hamisha magari ya wafanyakazi, na mahitaji yanabaki 83; gawanya kwa 0.9, unapata 93. Sasa fungua kaunta za malipo zaidi saa za msongamano. Ikiwa wateja watakaa dakika 34 badala ya 40, magari 125 yanageuka kuwa 71 kwa wakati mmoja, na nafasi zinazohitajika ni 79. Duka lenye nafasi 80 limetosha, na lililobadilika ni urefu wa foleni ya kulipia na mahali wafanyakazi wanapoegesha.

Dakika 34 ni dhana mpaka zipimwe. Fanya mabadiliko, subiri wiki nne ili wateja wayazoee, kisha rudia hatua ya 4 na ya 7 katika siku inayolingana na ile ya kwanza kwa idadi ya risiti. Yakifaulu utaona mambo matatu kwa pamoja: wastani wa kukaa umeshuka, magari yanayogeuza langoni yamepungua au yameisha, na ule mstari wa risiti uliokuwa umekatwa kichwa sasa unapanda hadi kileleni na kushuka. Mstari ukibaki bapa huku nafasi zikiwa wazi uwanjani, kizuizi kimehamia ndani ya duka, na hakuna idadi ya nafasi za maegesho itakayokiondoa.

Wastani wa kukaa ukikataa kushuka kabisa, usirudie jaribio hilo mara ya tatu. Chukua namba 93, ambayo tayari imewaondoa wafanyakazi uwanjani, na uanze kutafuta nafasi 13.